Bendera, Mpungi na Kofia ya Chama: Mwongozo wa Utii kwa Mkristo wa Upare

Kati ya maswali ambayo Wakristo wa Same mjini na wa vijiji vya milima ya Upare huwapelekea wachungaji, makatekista na wazee wa kanisa, matatu hayaishi kurudi: kama Mkristo anaweza kuchangia mbuzi wa tambiko la ukoo, kama mtoto wake asimame Wimbo wa Taifa unapoimbwa shuleni, na kama mwanakwaya anaweza kuvaa fulana ya mgombea. Maswali haya hutofautiana kwa sura, lakini yote yanauliza jambo moja, yaani ni kwa namna gani mtu aliyekiri kwamba Kristo ndiye Bwana anaweza kubaki mtu wa ukoo wake, wa nchi yake na wa chama chake bila kujikuta anatumikia mabwana wawili. Jibu la haraka, liwe la kukataa kila kitu au la kuruhusu kila kitu, halimsaidii mtu anayepanda Mbaga au Usangi wakati wa Krismasi na kukuta kikao cha ukoo kinamngoja. Kwa hiyo makala hii inaacha mijadala ya vitabuni na kueleza hatua za kuchukua, pamoja na makosa ambayo hata waumini wa siku nyingi huyafanya.

Maneno matatu yasiyopaswa kuchanganywa

Heshima ni kutambua cheo au thamani ya mtu au kitu, kama kijana anavyomwamkia mzee shikamoo au anavyosimama bendera inapopandishwa. Utii ni kutenda lile linaloagizwa na mwenye mamlaka, kama kulipa kodi. Ibada ni kumwelekea mwingine kama chanzo cha uzima, ulinzi, msamaha au baraka, kwa sala, kwa kafara au kwa nadhiri. Heshima Mkristo huitoa bila shida. Utii huutoa kwa mipaka, kwa sababu Warumi 13 inamfundisha kuwatii wenye mamlaka, ilhali Matendo 5:29 inawaonyesha mitume wakimweka Mungu mbele pale amri mbili zilipogongana. Ibada haitoi kwa yeyote ila Mungu.

Ugumu ni kwamba tendo moja la mwili, kwa mfano kuinama, laweza kuwa lolote kati ya hayo matatu. Katika Danieli 3 vijana watatu walikataa kuinama mbele ya sanamu wakatupwa katika tanuru, lakini katika 2 Wafalme 5 Naamani, akiisha kuponywa, aliomba asihesabiwe kosa pindi atakapoinama katika hekalu la Rimoni kwa kuwa bwana wake huegemea mkono wake, na Elisha alimwambia aende kwa amani. Kabla ya kuamua lolote, basi, msomaji ajiulize maswali haya:

- Anayeelekewa katika tendo hili ni nani, na anaombwa nini?
- Mtu akikataa, anaogopa nini hasa: aibu, hasara, au laana?
- Je, tendo hili linamtaka aseme uongo au amdhulumu jirani?
- Wanaotazama, hasa waumini wachanga, watalielewa vipi?

Swali la pili ndilo lenye uzito kuliko yote. Anayeogopa aibu bado ana uhuru wa kuchagua, lakini anayeogopa kwamba watoto wake watakufa asipotoa mbuzi amekwisha kumtambua bwana mwingine, hata kama Jumapili anapokea meza ya Bwana.

Hofu hiyo haikuwa ya Wapare peke yao, ingawa wamisionari wa Kijerumani waliiona kwao tu. Jakob Dannholz wa Misheni ya Leipzig, aliyefanya kazi Mbaga, na Ernst Kotz wa Wasabato kila mmoja aliandika kitabu kuhusu Wapare kilichobeba katika jina lake wazo la watu waliofungwa, mmoja akitaja imani ya mizimu na mwingine akitaja hofu. Hata hivyo, mwezi Agosti 1914 viongozi wa Wasabato nchini Ujerumani, kanisa lilelile lililokuwa limewatuma Johannes Ehlers na A. C. Enns kuanzisha kituo cha Giti mwaka 1903, waliiandikia serikali yao kwamba waumini wangeshika silaha hata siku ya Sabato, na waliopinga wakatengwa na kanisa. Bendera ya taifa ilifanya kwao kile ambacho mzimu ulidhaniwa kufanya mlimani.

Mbuzi wa tambiko

Kabla ya misheni Wapare walikuwa na jina la Mungu Muumba, Kyumbi, na hawakuwachanganya wazee waliotangulia na Muumba huyo. Tambiko lilikuwa njia ya kuwaendea wazee hao ili waondoe ugonjwa, ukame au mikosi. Leo wazee wengi wa koo husema kwamba tambiko ni mila tu, si dini. Kauli hiyo isikubaliwe wala isikataliwe kabla ya kujua maneno yanayosemwa mbuzi anapochinjwa. Ukoo ukikutana kula pamoja, kusimulia nasaba, kupatanisha ndugu na kuonyeshana mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, hiyo ni heshima na Mkristo ana nafasi yake hapo. Marehemu akiitwa kwa jina na kuombwa afya au mvua, hiyo ni ibada, kwa jina lolote itakaloitwa.

Anayetaka kukataa sehemu ya pili bila kuikimbia ya kwanza afuate hatua hizi kwa mpangilio:

1. Aulize mapema. Amwendee mzee mmoja anayesikilizwa, awe baba mkubwa, mjomba au shangazi, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, na aulize kitakachofanyika. Kukataa mbele ya kikao kizima humvunjia mzee heshima, na mzee aliyevunjiwa heshima hawezi kulegeza msimamo hata akitaka.

2. Atenganishe mchango wake. Aombe kubeba gharama nyingine inayojulikana kwa jina: chakula cha wageni, nauli za wazee, ada ya yatima wa ukoo, au ukarabati wa makaburi. Kiasi hicho kisipungue kile alichoombwa, kwani kikipungua ukoo utasema kwamba wokovu ni kisingizio cha ubahili, nao utakuwa na haki ya kusema hivyo.

3. Afike. Asiyeonekana kabisa huhesabiwa kuwa amejitenga na damu yake. Ahudhurie mazungumzo, ajitenge kwa utulivu wakati wa kafara, kisha arudi kushiriki yaliyobaki.

4. Aseme kwa ufupi. Yanatosha maneno kama haya: "Baba mkubwa, mimi ni wa ukoo huu na nitaubeba, ila kumwomba asiye Mungu siwezi, nipeni kazi nyingine." Mahubiri ya nusu saa katika kikao cha ukoo hayajamwongoa mtu.

Kuhusu nyama, ambalo ni swali dogo lenye kuleta ugomvi mkubwa, Paulo alikwisha kulitolea utaratibu katika 1 Wakorintho 10: Mkristo ale anachoandaliwa bila kuhoji-hoji, lakini akiambiwa waziwazi kwamba nyama hiyo imetolewa kafara, aiache kwa ajili ya dhamiri ya aliyemwambia. Vivyo hivyo kwa dengelua, yaani pombe ya miwa, inapomwagwa chini kwa ajili ya wazee kabla ya kunywewa. Na kwa Msabato swali la pombe limekwisha kujibiwa kabla halijaulizwa.

Makosa ya kawaida ni haya:

- Kutuma pesa ya mbuzi kwa simu kwa siri, kisha kulaani matambiko kanisani. Mlimani hakuna siri ya namna hiyo.
- Kuwadharau wazee kwa kuwaita wachawi, jambo ambalo ni uongo juu ya jirani na ambalo limewahatarisha wazee wengi wasio na hatia.
- Kuacha tambiko lakini kumpelekea nabii wa mjini sadaka ileile kwa hofu ileile. Aliyefanya hivyo amehama kiti tu.

Hapa hutokea pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa: itakuwaje mtu akikataa, kisha mtoto augue au afe? Wahubiri wengine huahidi kwamba hakuna baya litakalompata, nayo ni ahadi ambayo Maandiko hayaitoi, kwa sababu Wakristo huugua na kufa, kama walivyougua na kufa watoto wa waliotambika. Kinachohitajika ni ukaribu wa kanisa. Muumini aliyekataa tambiko atembelewe, asindikizwe hospitali, apelekewe chakula na asiachwe alale peke yake usiku wa msiba, kwa kuwa anayeachwa peke yake ndiye anayekwenda kwa mganga gizani, na siku hiyo lawama ya kwanza si yake.

Je, aukate msitu wa mpungi?

Mpungi ni msitu mtakatifu wa ukoo, mahali ambapo baadhi ya koo zilihifadhi mafuvu ya wazee wao na kufanyia matambiko, nao mshitu ni msitu uliotumika kwa jando na mafunzo ya vijana. Wako waumini walioona kwamba kuukata msitu wa namna hiyo ni ushahidi wa imani. Ushauri hapa ni mfupi: asiukate. Mungu hashindwi na miti, na vichaka hivyo vimehifadhi chemchemi na miti ya asili katika miteremko ambayo kwingineko imelimwa hadi ikabaki mawe. Mkristo anaweza kuulinda mpungi kama msitu bila kuutumia kama madhabahu, na aliyeukata kisha akauza mbao asijidanganye kwamba alimtumikia Kristo, kwa maana soko la mbao nalo ni bwana. Jambo hilohilo linahusu kilimo cha mirungi, ambacho sheria imekikataza na ambacho katika baadhi ya vijiji vya milimani Same hutetewa kwa hoja ya ada za watoto: ni vigumu kumkemea mwenye tambiko huku zaka inatoka katika shamba hilo.

Ndiva na msaragambo

Ndiva ni bwawa dogo la kienyeji linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana kwa zamu, na msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji, kama kuzibua mfereji au kutengeneza barabara. Hapa utii kwa Kristo hupimwa kwa vitu vidogo vyenye matope. Pale ambapo desturi ya kufungua msimu wa maji huambatana na sadaka kwa wazee waliotangulia, Mkristo aombe kuchangia siku za ziada za kutoa tope badala ya sadaka hiyo, na afanye hivyo katika mkutano wa watumia maji kabla ya msimu kuanza, si siku ambayo zamu yake imefika.

Kwa Wasabato tatizo ni siku. Msaragambo ukiangukia Jumamosi, hatua zinazofaa ni hizi:

- Kiongozi wa kanisa azungumze na mwenyekiti wa kitongoji mapema, akiomba kipande cha kazi kipimwe na kuachwa.
- Waumini wakifanye kipande hicho Jumapili au Ijumaa asubuhi, tena wakizidishe kidogo.
- Asiyeshiriki siku yoyote asijifiche nyuma ya Sabato, na kanisa lisimtetee.

Walutheri na Wakatoliki, ambao siku yao ya ibada haigongani na Jumamosi, wasiutumie wingi wao mkutanoni kupanga kazi siku hiyo kwa makusudi. Yapo mambo ya kijiji ambayo hayana ubaya wowote kisheria na bado ni kumsulubisha jirani.

Bendera, Wimbo wa Taifa na Mwenge

Bendera ni kitambaa kinachowakilisha watu na nchi yao, na kusimama wima mbele yake ni heshima kwa maana iliyoelezwa hapo juu. Wimbo wa Taifa ni sala kwa Mungu kwa ajili ya Afrika na Tanzania, na tuni yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu Mmethodisti wa Afrika Kusini. Kwa Wakristo walio wengi, basi, hakuna mgogoro wa dhamiri hapo. Hatari iliyopo ni ya upande wa pili, yaani kuliimbia taifa kana kwamba haliwezi kukosea.

Wako hata hivyo Wakristo ambao dhamiri yao inawakataza. Mashahidi wa Yehova, ambao shughuli zao zilipigwa marufuku Tanzania kuanzia mwaka 1965 hadi 1987, hawaimbi nyimbo za mataifa, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwa manufaa ya wanafunzi wao waliokuwa wameadhibiwa na shule kwa kutouimba Wimbo wa Taifa. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dhamiri na imani. Mwalimu Mkristo asiyekubaliana na msimamo wao hana ruhusa ya kuwachapa kwa ajili hiyo, kwani anayeamini kwamba dhamiri ni ya Kristo hawezi kuitaka ya mwenzake kwa fimbo. Mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo amwandikie mkuu wa shule barua fupi mwanzoni mwa muhula, akieleza kwamba mtoto atasimama kwa utulivu na hatawasumbua wenzake.

Mwenge wa Uhuru huleta maswali zaidi, kwa kuwa moto huwakumbusha wengine madhabahu. Asili yake haina siri: uliwashwa kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na Luteni Alexander Nyirenda, na tangu mbio zake zianzishwe hupita wilaya kwa wilaya ukizindua miradi. Kuupokea katika mkesha wa wilaya ni sherehe ya kiserikali, na aliyeupokea hajaabudu. Hata hivyo, muumini anayeona uzito asilazimishwe na wenzake wala asiwahukumu, kama Warumi 14 inavyoelekeza kuhusu vyakula na siku. Mtumishi wa umma mwenye uzito huo aombe jukumu jingine siku hiyo, kama usafiri au huduma ya kwanza. (Anayechangishwa fedha aombe risiti. Hilo si suala la teolojia, lakini linaponya dhamiri nyingi.)

Zipo pia nyakati ambazo utii kwa serikali hufikia mpaka wake, na Upare ina mfano wake. Katikati ya miaka ya 1940 maelfu ya Wapare walishuka Same kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi kwa jumla. Walikataa namna ya kuikadiria kwa kuchunguza mali ya kila nyumba, na kwa sehemu kubwa walikataa bila silaha, kwa kukusanyika na kungoja. Mkristo anayelazimika kupinga agizo la mamlaka aige utaratibu huo: ataje jambo moja tu, aendelee kutimiza mengine yote, asijifiche, na awe tayari kulipa gharama mwenyewe badala ya kumsukuma mwingine mbele.

Kofia ya chama

Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 kila kampeni huacha kanga, kofia na fulana katika nyumba za waumini, na kuzivaa shambani si dhambi. Baraza la wazee lifanye haya kabla ya kampeni kuanza, kwa sababu kanuni inayotungwa baada ya mgombea kufika huonekana imetungwa dhidi yake:

- Liandike na kusoma kanisani kwamba mavazi, salamu na nyimbo za chama chochote haziingii katika ibada, mazishi wala kwaya.
- Liamue kwamba mgombea anayehudhuria ibada atatambulishwa kama mgeni mwingine na hatapewa mimbari, hata akiwa amechangia mabati.
- Lipokee mchango wake, likiupokea, kwa risiti na bila makofi ya pekee.

Haya hayana maana kwamba kanisa linyamaze. Waraka wa Pasaka wa maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wa mwaka 2018 ulizungumzia hali ya nchi na ukaliletea kanisa mashaka na serikali, lakini ulisema kwa jina la kanisa bila kumnadi mgombea. Kipimo rahisi kwa muumini ni hiki: ataje kosa moja la chama chake hadharani. Akishindwa, kofia imeingia ndani zaidi ya kichwa.

Dhehebu nalo ni bendera

Jambo linaloulizwa kwa nadra, na ambalo pengine ndilo lenye madhara zaidi milimani, ni utii kwa dhehebu. Misheni ziligawana miteremko, Walutheri wakianzia Shigatini mwaka 1900 na Wasabato Giti mwaka 1903, hata ikawa kumtaja mtu kwamba ni wa Suji, upande wa Wasabato, ni karibu sawa na kutaja siku yake ya ibada. Leo Same ni makao ya Dayosisi ya Pare ya KKKT na ya Jimbo Katoliki la Same, na bado ziko familia ambazo ndugu hawahudhurii harusi ya ndugu kwa sababu inafungwa katika jengo lisilo lao. Mtu anayeweza kukataa tambiko kwa ajili ya Kristo, lakini hawezi kumzika mama yake kwa kuwa mchungaji ni wa upande mwingine, ana tambiko la pili ambalo hajaligundua.

Wachumba wa madhehebu mawili, kwa mfano Msabato na Mlutheri, wasingoje ndoa ndipo wajadili. Wakae na wazazi na mshenga, wakubaliane, kisha waandike:

- siku ambayo shamba na biashara ya nyumba hiyo vitapumzika, na kama zitakuwa moja au mbili;
- mahali watakapobatizwa watoto, au kama watangoja wakue waamue wenyewe;
- chakula kitakachopikwa nyumbani, kwa kuwa Msabato hali nguruwe na suala hilo huvunja amani ya jikoni mapema kuliko mafundisho yoyote;
- atakayeongoza maziko ya kila mmoja, na kwamba upande wa pili utapewa nafasi ya kuomba.

Nakala moja ibaki kwa wachumba, moja ipelekwe kwa mzee wa kanisa wa kila upande, na mzee atakayekataa kuipokea aombwe aandike sababu yake.